Boneti ya Gari la Bibi Harusi

Honi za harusi zikipita mtaani kwetu Majengo, mume wangu huweka nyundo chini. Haichukui tena mpaka zipotee kabisa. Wasiomjua hudhani anatoa heshima.

Anaitwa Alois, ni fundi bodi. Kwao ni Mwazye, na babu yake alikuwa mhunzi wa majembe, labda ndiyo maana chuma kinamsikia. Aliponioa, miaka ya ruksa ya biashara ilikuwa imeanza, maduka yamejaa mitumba na kila mwenye uwezo anatafuta gari. Ukimpa mlango uliobonyea ataugonga taratibu, atapitisha kiganja huku amefumba macho, atagonga tena. Nilipenda kumtazama nikiwa nanyonyesha.

Mzee Abdala, mwenye duka na mabasi, alinunua gari dogo jekundu kwa mzungu mmoja wa mradi aliyekuwa anarudi kwao. Gari la zamani, lile la mbio, milango miwili, paa la turubai, boneti ndefu utadhani ndilo gari lenyewe. Alitaka limpeleke binti yake Hamida kwa mumewe. Lakini loki ya boneti ilikuwa imekatika, na spea yake haikupatikana hapa wala Mbeya.

Alois alipewa kazi, akaiseti vizuri ile boneti, mwanya wa kulia ukalingana na wa kushoto. Ikabaki kuifunga. Akaenda kwa Mboje, Msukuma anayefuga ng'ombe pembeni ya Malangali, akaomba mkanda wa ngozi, ule wanaofungia madume. Nilikuwa naye, mtoto mgongoni. Mboje alimpa mkanda pamoja na kopo la mafuta ya ng'ombe.

“Upake haya, mtani. Ngozi kavu ikinywa maji inarefuka.”

“Hili ni gari la bibi harusi,” Alois akasema. “Unataka linuke zizi?”

“Dume langu halijawahi kulalamika.”

Tulicheka wote, kopo tukaliacha pale pale. Ule mkanda alivyoukaza, ukiugonga na kidole ulilia kama ngoma.

Siku ya harusi mvua ilishuka ghafla huku jua linawaka, kama ilivyo kawaida yetu huku. Tulikuwa tumesimama kando ya barabara, Alois kavaa shati jeupe, anangoja watu waione kazi yake. Msafara ulipokaribia niliona mkanda umelegea, unachezacheza juu ya boneti. Nadhani naye aliona, maana alinishika mkono kwa nguvu. Gari likashika mteremko. Upepo ukaingia chini ya boneti, ikafunuka yote, ikakipiga kioo cha mbele. Dereva asione kitu, akaishia mtaroni.

Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Lakini Hamida alishuka kwenye matope, miguu yenye hina imezama, akapandishwa kwenye pikapu iliyobeba masufuria ya pilau. Watu walianza kwa kupiga mayowe, wakamalizia kwa kicheko. Alois hakwenda kusaidia. Aligeuka, akarudi nyumbani kwa kupita katikati ya mashamba ya mahindi, shati lake jeupe linaonekana na kupotea.

Baada ya hapo akawa hatoki. Mtu akija na kazi, ananiambia niseme hayupo. Bombani wanawake walinyamaza nilipofika, na ule unyamavu ndio uliouma. Jirani yetu Fortunata peke yake ndiye aliyesema, “Mama Felisian, hiyo ndoo ishike kwa mkono. Ukiifunga kwa ngozi itafunuka.” Nikacheka nao. Nyumbani sikumwambia mume wangu, ila alinitazama usoni akajua.

Siku moja akaja Fahadi, mtoto wa kiume wa mzee Abdala.

“Shikamoo, fundi. Baba anasema kioo kimeshawekwa, umebaki wewe.”

“Mwambie alilete hapa, nilitengenezee uani.”

“Alijua utasema hivyo. Lipo mbele ya duka, na halitoki pale. Lilifunuka mbele za watu, anataka lifungwe mbele za watu.”

Alois akatazama chini. Nikamwambia polepole, “Baba Felisian, usipokwenda, huyu mtoto wetu ataitwa Boneti mpaka siku anaoa.” Akachukua mfuko wake wa spana.

Kwanza tulipita kwa Mboje. Yeye ni mtani, alikuwa na haki ya kumcheka mpaka ng'ombe warudi. Hakumcheka. Alimpa mkanda mwingine na lile kopo, akarudi kwenye ng'ombe wake. Mume wangu alitembea njia nzima kichwa kimeinama.

Mbele ya duka watu walishajaa. Alois alilegeza bolti za bawaba, akainua pembe moja kidogo, akakaza. Akaweka kipande cha karatasi kati ya boneti na mpira inapokalia, akafunga, akavuta. Kikatoka kirahisi, mwanya bado upo. Akapandisha ule mpira, akajaribu tena mpaka karatasi ikang'ang'ania. Akafunga ndoano mbili za chuma alizofua mwenyewe, na juu yake mkanda, ameupaka mafuta mpaka unang'aa. Ulinuka kweli. Kisha akaumwagia ndoo ya maji akangoja. Haukulegea.

Hamida alikuwa amekuja kwao siku hiyo. Akatoka dukani.

“Dada Hamida,” Alois akasema, “nilikuharibia siku yako.”

“Uliniharibia.” Hakuongeza la kumfariji. “Mimi humo sipandi tena. Panda wewe, kaa nilipokaa mimi.”

Basi mume wangu akakaa kiti cha bibi harusi, magoti yamegusa kifua, Fahadi akaendesha. Watoto wakapiga vigelegele. Walishuka mteremko ule ule, wakaenda hadi Malangali, wakarudi. Boneti ilitulia. Yeye muda wote alikuwa anaangalia mikono yake.

Aliposhuka, Mboje alikuwa amesimama nyuma ya watu, kafika bila sisi kumwona. Akamsogelea Alois, akamnusa begani.

“Mtani,” akasema, “unanuka zizi.”

Alois akacheka kidogo, macho yakiwa bado chini. Kisha akaniomba mtoto ambebe yeye, tukapita barabara kubwa kurudi nyumbani.