Asari ya Ngollo

Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025. Joto kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi. Mawingu yalijikusanya upande wa Sikonge, mvua haikunyesha.

Saa nne hivi Ngollo aliingia katika duka la Mwamvita binti Awadhi, nyuma ya soko hapa Tabora mjini, amebeba ndoo ya asali. Nilikuwepo, nasubiri kujaziwa chupa yangu. Mwamvita ana miaka hamsini na nne. Hununua asali kwa warina wa Sikonge, huichuja mwenyewe kwa kitambaa, na kwa miaka kumi na miwili amemuuzia Ngollo, mwenye duka Nzega.

Wawili hawa huanza kwa utani. Ngollo ni Msukuma, na neno asali halijawahi kumtoka sawasawa. Husema asari, na huandika hivyo hivyo. Basi Mwamvita naye alikuwa akimwandikia kwenye ndoo zake: ASARI YA NGOLLO. Mwaka jana aliipiga picha ndoo mojawapo, akaiweka kwenye tovuti ya duka ili watu wacheke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Ngollo. Asari imeisha?"

"Fungua uonje."

Mwamvita alionja. Ilikuwa sukari iliyochemshwa. Ubavuni mwa ndoo palikuwa na picha ya uso wa Mwamvita.

"Hii si yangu."

"Nilipoteza simu, na namba yako ikaenda nayo. Nikaandika jina la tovuti yako, nikakuona, nikaagiza kwa ujumbe kwenye namba niliyoikuta, ndoo zikaja kwa basi. Wakati wa kulipa simu ikanionyesha mpokeaji ni Mwamvita Awadhi, jina zima. Sasa niamini jina au nikuamini wewe? Nzega wananiita mpika sukari. Na mzee Limbu, mteja wangu, ameipaka kwenye kidonda cha mkewe."

Mwamvita alikaa chini. Kisha akampigia simu Wilbroad, fundi aliyemtengenezea tovuti, naye akaja kutoka ofisi ya jirani na kuitazama simu ya Ngollo.

"Picha ni zako, maneno ni yako," Wilbroad alisema. "Anwani ndiyo si yako. Ya kwako ina l, hii ina r. Wewe ulisajili jina moja tu, hili lingine lilikuwa wazi kwa yeyote. Na ile picha ya ndoo ikamwonyesha mtu kwamba wapo wateja wanaoandika hivi."

"Utani wangu," Mwamvita alisema.

"Na Kiswahili changu," Ngollo akaongeza, bila kucheka.

Wilbroad alimwambia Mwamvita ahakiki laini za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Zilitokea tatu, alizijua mbili; ya tatu ndiyo iliyokuwa kwenye tovuti ile ya r. Hapo akakumbuka: mwezi wa saba, chini ya mwavuli wa muuza laini, aliambiwa alama ya kidole haijasoma, abonyeze tena. Akabonyeza tena.

Mchana walikwenda polisi na kurasa zilizochapwa, wakaandikisha taarifa. Laini ya tatu ilifungwa siku ile ile. Wilbroad aliiandikia kampuni iliyosajili jina lile ili liondolewe, akaahidi kwamba likiachwa wazi atalisajili kwa Mwamvita, pamoja na mengine yanayokaribiana nalo, asipatikane mwingine wa kupita hapo.

Ngollo aliiangalia ile karatasi ya polisi.

"Ni nzuri. Ila Nzega hawatasoma karatasi."

"Watasoma nini?"

"Uso wako. Ndio waliouona kwenye ndoo."

Asubuhi iliyofuata Mwamvita alipanda basi la kwanza la Nzega pamoja na Ngollo, ndoo mbili miguuni. Kwenye vifuniko alikuwa ameandika kwa mkono ASALI, ile L ameikoleza mara mbili. Hawakuanzia dukani. Walikwenda kwa mzee Limbu, na Mwamvita ndiye aliyepiga hodi, akataja jina lake, akaomba kumwona mgonjwa.