Kuku wa Kasisi

Alhamisi, Julai. Joto la kukaanga mtu. Nilipotoka nje miwani ilifunikwa na mvuke, nikamwamkia mtungi wa gesi nikidhani ni jirani.

Mwanangu, kuna Jumapili moja ya ujana wangu iliyonirudia leo, na aliyeirudisha ni Baraka, kijana wa kwetu anayelinda jengo kule Lusail, pembeni mwa Doha. Alikuja hapa nyumbani kwangu Muaither na karatasi zake. Kesho ni Ijumaa, ambayo kwetu sisi Wakristo wa Doha ndiyo siku ya ibada, naye atahubiri kwa mara ya kwanza. Akanisomea. Yalikuwa mahubiri makali juu ya mtu anayekula omena za mwenzake kwenye friji.

"Huyo si Wafula?" nikamuuliza. Wafula ndiye anayelala naye chumba kimoja kule kwenye mabweni ya wafanyakazi, Industrial Area, na wameshibana.

"Sijataja jina, mzee."

"Na atakuwepo?"

"Benchi la mbele," akasema, meno yote nje.

Nikaona urafiki wao unakwenda kuzikwa kwa ajili ya omena. Mimi si msomi, niliishia darasa la saba, na huenda sikumbuki kila kitu sawasawa. Lakini nilimsimulia hivi.

Kwetu Taita, Kasisi wetu aliandika mahubiri yake yote kwa mkono, neno kwa neno, maana alikuwa na makanisa mengi na miguu miwili tu. Asipoweza kufika, msomaji wa kanisa husimama akayasoma yalivyo, bila kuongeza chumvi. Msomaji nilikuwa mimi, kijana wa sauti kubwa. Jumapili hiyo Kasisi alishikwa na homa, akanipa karatasi. Zilimhusu mtu aliyemficha kuku mnono askofu alipokuja, akamchinjia jogoo mzee, mgumu kama soli ya kiatu.

Nikasoma huku nimemkazia macho Mzee Mwakio. Tuseme haki, sikuwa na ushahidi wowote. Alikuwa mfugaji wa kuku, basi. Mzee Mwakio akamtazama jirani yake, Mama Wakesho. Mama Wakesho akamgeukia mumewe: "Ni wewe umepeleka maneno!" Hata kabla ya baraka ya mwisho, kanisa zima lilikuwa linamsaka mchongezi. Ibada ilipokwisha tuliandamana mpaka kwa Kasisi, tukamkuta amejifunika blanketi.

"Nani alikwambia habari za kuku wangu, hata huyu msomaji akanikazia macho?" akafoka Mzee Mwakio, na hapo ndipo sote tulipojua kwamba kumbe naye alimficha.

Kasisi akacheka mpaka akakohoa. "Mwakio, wako simjui. Niliyemwandika ni wangu. Baba Askofu alihangaika na yule jogoo hapo mezani, na kuku mwenyewe yuko chini ya kitanda changu, anataga."

Watu wakaanza kukumbuka kazi walizoziacha nyumbani. Kasisi akanigeukia: "Na wewe msomaji, nasikia ulimkazia mtu macho. Macho sikuyaandika."

Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Baraka akakunja karatasi zake.

"Mzee, ile sabuni ya kuogea ya Wafula..."

"Enhe?"

"Tangu Ramadhani sijanunua yangu."

"Basi hubiri sabuni."

Akacheka, akaomba kalamu.

Sijui kama nilimshauri sawa, maana Wafula naye, tusimpendelee, omena amezila kweli. Ila hili nakuachia, mwanangu: ukipewa nafasi ya kusema mbele za watu, anza na kuku wako. Wa wenzako watatoka wenyewe chini ya vitanda. Mungu akupe ulimi unaopita kwanza nyumbani kwako kabla ya kubisha kwa jirani, na akupe rafiki wa kukusamehe sabuni.

Jioni mke wangu alipakua wali kwa kuku, tukala watatu sahani moja. Paja moja nilikuwa nimeshalifukia kwenye wali, upande wangu, wala Baraka hakuliona. Nikalifukua, nikamwekea.