Sahani ya Granada

Kama umewahi kuhama nyumba, unajua jikoni ndiko kunakochelewesha watu. Mama ameuza nyumba yetu ya DeSoto, nje kidogo ya Dallas, ahamie Sugar Land, awe karibu nami ninayesomea uuguzi Houston, na juzi nilikwenda kumsaidia kufunga vyombo. Nyuma ya kabati la juu, chini ya sinia, nikaikuta sahani ndogo ya udongo iliyochorwa komamanga la buluu. Nilikaa sakafuni nayo mapajani. Mama aliniita kutoka sebuleni, akaniita tena. Nilikuwa nimeshafika Granada.

Lakini kwanza nikueleze habari ya sahani nyingine. Nyanya alikuja kwetu kutoka Machakos mwaka wa 2017, nikiwa bado mtoto wa kupenda katuni, na kabla hata hajazoea kitanda chake alikuwa amekaanga mandazi na kunituma kwa jirani wa kushoto, bibi mzee Mmarekani mweusi aliyeishi peke yake. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu utatia ndizi, au chumvi kidogo. Basi Nyanya akasubiri. Akapeleka chapati, akasubiri. Akapeleka githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Sahani zilikwenda tu, hazikurudi, tupu wala zenye kitu, na kuulizia hakuwezekani, maana kumdai mtu sahani ni kumtukana.

Mama, aliyekuwa amechoka na zamu zake za usiku hospitalini, aliona dawa ni kununua sahani za karatasi. Nyanya alizigeuza mkononi, akasema, "Kumbe huku hata ujirani ni wa kutumia na kutupa." Tangu siku hiyo hakupika tena kitu cha kupeleka nje. Alikaa dirishani akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa, na mwaka uliofuata akatangaza kwamba anarudi kwao na haji tena. Mimi na yeye tulilala chumba kimoja. Alikuwa akinipaka mafuta miguuni na kunisengenyea watu wa Machakos ambao sijawahi kuwaona. Sikutaka aondoke, na sikuwa na la kumzuia.

Mama hakuwahi kutumia likizo ila kwenda Kenya na masanduku ya zawadi. Safari hii akasema Nyanya atasindikizwa kwa njia ndefu: wiki moja Hispania, tutembee kama watu wengine, kisha yeye apande ndege ya Nairobi na sisi tugeuke Dallas. Alichagua Granada kwa sababu muuguzi mwenzake alizaliwa huko na hakuwa na mazungumzo mengine.

Jioni ya kwanza tuliingia kwenye baa ndogo ya mtaani. Ilikuwa wakati wangu wa kulala, lakini jua la kiangazi lilikuwa bado juu ya mapaa, na watoto wadogo kuliko mimi walikuwa wanakimbizana barabarani na aiskrimu. Katika mji ule ukiagiza kinywaji, hata soda, unaletewa kisahani cha chakula bila kuitisha. Sisi tuliletewa mbilingani za kukaanga zilizomiminiwa asali ya miwa. Zilivunjika mdomoni kisha zikayeyuka.

"Tumeitisha hii?" Nyanya akauliza.

"Hapana, Mami. Ina-come tu na drink."

"Basi ametukaribisha," akasema Nyanya, akala kwa heshima zote. Alipomaliza alifungua mkoba, akatoa mandazi aliyokaanga DeSoto kwa ajili ya safari, akayapanga kwenye kile kisahani na kumpungia mkono mwenye baa.

"Mami, please! Hapa hawaruhusu chakula cha nje!"

Mama alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwenye baa aliyatazama mandazi, akatutazama sisi, uso umekunjamana. Ikabidi Mama asimame na Kihispania chake, ambacho alikiokota kwa wagonjwa wa Dallas: alijua kusema vuta pumzi, umekula lini, unaumwa wapi. Alimwonyesha Nyanya kwa kidole, akakusanya maneno aliyokuwa nayo. Mama yangu. Sahani tupu, mbaya. Sahani tupu, inamuuma.

Yule bwana aliangua kicheko, akang'ata andazi, akamwita mke wake. Mke akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye aproni, akala moja lote, akarudi ndani na kutuletea samaki wadogo wa kukaanga. Nyanya akala, akajaza mandazi tena. Wakaendelea hivyo mpaka mkoba ukaisha. Wazee wa baa walikuwa wamegeuza viti kumtazama, naye ameketi wima, kitambaa chake cha kichwa kimekaa sawasawa. Mwaka mzima sikuwa nimemwona akiketi hivyo. Nilijivuna mpaka nikawatangazia watu ambao hawakuniuliza, "That's my grandma!"

Wiki ile Granada ilikuwa yetu. Tulipanda Alhambra, majumba ya wafalme Waislamu wa zamani, ambako maji hupita katikati ya sakafu kwenye mifereji myembamba na kutulia kwenye mabwawa. Watu walipiga picha kuta zilizochongwa. Nyanya, aliyebeba maji mgongoni ujana wake wote, aliinama, akachovya vidole, akataka nimuulizie mwongoza watalii wetu yanatoka wapi. Kusikia yaliletwa kutoka milimani kwa mfereji uliochimbwa karne nyingi zilizopita, akapiga makofi peke yake. "Hawa walikuwa watu," akasema. Kwenye mapango ya Sacromonte, ambako huchezwa ngoma za kienyeji, mwanamke wa rika lake alicheza akikanyaga sakafu kama ana ugomvi nayo, na Nyanya akampigia vigelegele mpaka mpiga gitaa akacheka. Na kila jioni tulirudi kwenye baa yetu. Mandazi yaliisha, ikawa karanga, ikawa matunda ya sokoni, lakini kisahani hakikurudi kitupu.

Jioni ya mwisho mke wa mwenye baa alileta keki za lozi kwenye sahani ya komamanga, akavikunja vidole vya Nyanya juu yake. Nenda nayo.

Hotelini Nyanya alikaa kitandani akiitazama. "Sasa hii nitairudisha aje?" Aliigeuza mkononi. "Mimi ndiye nimekaa na sahani ya wenyewe. Na mimi si mtu mbaya." Akafikiri sana. "Yule jirani, kuna mtu aliwahi kumuuliza?"

Asubuhi akamwambia Mama abadilishe tikiti.

"Na Nairobi, Mami?"

"Nairobi haihami."

Nilirukaruka kitandani mpaka nikakemewa.

Tulipofika DeSoto alinishika mkono nikamtafsirie, tukagonga. Jirani alitufungulia, akamwona Nyanya, akaanza kulia. Sahani zetu zote zilikuwa mezani kwake, zimeoshwa, zimefunikwa kitambaa cheupe. Alituonyesha mikono yake iliyokuwa ikitetemeka tangu alipopata kiharusi. Alisema mama yake alimlea kwamba sahani ya mtu hairudishwi tupu, naye hawezi tena kushika sufuria, na alishindwa namna ya kuja mlangoni kwetu bila kitu.

Niliyatafsiri yote hayo kwa Kiswahili changu cha kuungaunga. Nyanya alikunja mikono ya gauni, akaingia jikoni kwa mwenyeji, na siku ile jirani akaelekeza, Nyanya akapika: mkate wa mahindi na sukuma wiki iliyochemshwa na nyama ya moshi. Tulitoka na sahani zimejaa. Ndivyo walivyoishi wale wawili, hawaelewani neno, na mwaka wa 2020 watu walipofungiwa ndani waliachiana sahani vizingitini na kupungiana madirishani.

Jirani alifariki mwaka ule ule. Nyanya naye amelala kaburini Machakos. Nyumba ya kushoto ina watu wengine, hata rangi wamebadilisha, na kabati letu lina sahani mbili za jirani yule, zenye maua ya waridi, ambazo si zetu na hazina pa kurudi.

Mama alikuja kunikuta nikiwa nimewasha jiko. "Unafanya nini na movers wa kubeba vyombo wako njiani?"

"Nakaanga mandazi."

Aliitazama sahani ya komamanga na zile za waridi, nimezipanga mezani safi. Akavuta kiti, akaanza kusukuma unga pamoja nami. Tulitoka DeSoto nimezipakata, zimejaa, mpaka Sugar Land, kwa majirani tusiowajua bado.