Pumzi ya Alojz Kubica

Alojz Kubica alistaafu mgodini akiwa na kifua kinachokoroma, na mkewe Gertruda alipofariki, waliobaki kumtoa kitandani asubuhi ni njiwa. Aliwafuga katika banda la mbao nyuma ya nyumba zetu za matofali hapa Ruda, kama wachimbaji makaa wengi wa rika lake: njiwa wa mashindano, wanaopelekwa mbali kwa lori na kuachiwa warudi wenyewe. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, na nilimsikia akizungumza nao zaidi kuliko alivyozungumza na watu.

Kikohozi kilipozidi, binti yake Bernadeta alikuja kutoka Gliwice akamlazimisha aende hospitali. Niliwapeleka kwa gari langu. Wenzake walishamtisha kuhusu mipira ya kuingizwa kooni, lakini alichokuta ni kiti, kibanio cha pua na mrija uliounganishwa na kompyuta. Mpimaji, Bi Halina, alimwambia avute hewa mpaka kifua kijae, kisha aipulize yote. Akamwekea kwenye skrini picha ya mishumaa, ile wanayowawekea watoto, ili ajue anapuliza nini.

"Ongeza mzee, ongeza, usiache, bado kidogo!"

Michache ilizimika. Iliyobaki ikayumba, ikaendelea kuwaka.

"Mashine yako mbovu, binti," alisema akihema.

"Mashine nzima, mzee. Pumzika, turudie."

Baadaye wakamfungia ndani ya kibanda cha vioo apumue humo huku kompyuta ikipima. Alitutazama mimi na Bernadeta kupitia kioo. "Leo njiwa ni mimi," akasema, na Halina akacheka mpaka ikabidi waanze upya.

Dokta Zielonka hakucheka. Alieleza kwamba vumbi la makaa lilikuwa limeshafanya yake zamani, lakini vipimo vya kompyuta, pamoja na vya damu na picha ya kifua, vilionyesha mapafu yanazidi kukakamaa kwa sababu ya vumbi la manyoya na kinyesi cha ndege. Njiwa waondoke.

"Wote?" Alojz aliuliza.

"Wote."

Aliwapa rafiki yake Ewald, anayeishi upande wa Opole. Ewald alipowaachia wanyooshe mbawa, walifanya walichofundishwa maisha yao yote. Walirudi. Walijipanga juu ya banda lililofungwa, wakadonoa mlango. Bernadeta alikuwa amemwapisha baba yake asifungue. Alojz alisimama dirishani jikoni, mkono kwenye pazia, kisha akampigia Ewald simu aje awachukue. Ilitokea tena na tena, mpaka Ewald akaamua kuwafungia ndani moja kwa moja, wazae tu.

"Hawataruka tena, Alojz," alimwambia.

"Basi wape njegere. Wanapenda njegere."

Banda tulilibomoa mimi na mume wa Bernadeta. Alojz alikaa ndani kwa sababu ya vumbi.

Majira ya kuchipua tulirudi hospitali. Halina hakuweka mishumaa. Mstari wa pumzi yake kwenye skrini ulipanda kidogo, ukalala chini kuliko ule wa kipimo cha kwanza.

"Kumbe ningebaki nao," Alojz alisema.

Daktari alimjibu kwamba wangemmaliza mapema zaidi.

"Mapema kiasi gani?"

Zielonka alikiri kwamba hajui. Alojz akavaa kofia yake, akamshukuru.

Aliishi mpaka Novemba, akilala kitini, mashine ya oksijeni ikinguruma pembeni. Siku moja nikiwapo, Bernadeta alimuuliza kama anamlaumu. Ilimchukua muda kupata pumzi ya kujibu.

"Ulitaka nibaki, mwanangu. Si nimebaki?"

Akafumba macho, na Bernadeta akatoka nje bila koti.

Baada ya mazishi Bernadeta alikuja kuhamisha vyombo. Aliniuliza kama alifanya sawa kumpeleka baba yake kupimwa. Nikamwambia alifanya sawa. Akaniomba nimshikie upande mmoja wa kabati.