Jinsi Marcelo Alivyochagua Punda

Watu wa Nkoma wakimtaja marehemu mume wangu, Marcelo, wanasema alikuwa mcheza kamari. Wengine wanaongeza kwamba alikuwa mwoga. Sasa mtu mmoja atakuwaje vyote viwili? Aliyeishi naye ni mimi, aliyempikia ni mimi, na aliyegombana naye ni mimi. Kwa hiyo nitasema mimi.

Punda walianza kushindanishwa kwetu mwaka ule pamba ilipofunguliwa. Kabla ya hapo mnunuzi alikuwa ushirika peke yake, unampelekea pamba halafu unangoja malipo mpaka unachoka kungoja. Serikali ikaruhusu watu binafsi, wakaja na mizani zao na malori yao, kila mmoja anatutaka. Kampuni moja ikaona itatupata kwa mbio za punda siku ya kufungua msimu. Mwenye punda wa kwanza anapewa plau mpya. Hiyo ya kampuni. Sisi watazamaji tulikuwa na kamari yetu pembeni: huyu anaweka jogoo, yule debe la mpunga, wanabishana mpaka mate yanawakauka.

Punda walitoka kwenye ghala la pamba, wakapita kando ya lambo, wakamalizia sokoni. Mwaka wa kwanza Marcelo alimchagua dume jeusi la mtu wa Migato, limenenepa, miguu imenyooka, linang'aa kama limepakwa mafuta. Akaliwekea kuku. Dume likatoka mbele ya wote, na watu wa Migato wakaanza kuimba. Lilipofika usawa wa lambo likakata kona, likateremka majini, likasimama. Nyuma yake wengine nao wakateremka. Wamesimama kwenye tope, masikio chini, wanangoja wafungiwe madumu. Ndiyo kazi waliyoizoea kila asubuhi. Waliopanda wanapiga fimbo, wanatukana, punda wanawaangalia tu. Akapita kipunda kimoja kibaya, sikio limechanika, kinachobeba pamba na mahindi tu tangu kizaliwe. Kikafika sokoni peke yake, kinatembea.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Marcelo hakucheka. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Mama Shija, mimi nilitazama miguu. Nilitakiwa nitazame kazi."

Tangu siku hiyo mume wangu akawa mtu wa kutazama punda. Akienda msibani Nkololo, anarudi na habari za punda wa huko. Nikimuuliza marehemu alikufa na nini, hajui. Lakini punda wa mfiwa anamjua, anabeba nini, analala wapi, anaongozwa na nani, akiachwa peke yake anaelekea wapi. Nilimwambia angeoa punda.

"Punda hasemi sana," akanijibu.

Aliendelea kushindwa, msinielewe vibaya. Kuna mwaka alirudi bila koti la mvua. Lakini kila akishindwa anajua ameshindwa kwa nini, na kosa lile halirudii. Akajiwekea masharti. Punda ambaye hajamwona asubuhi ya mbio hamchezei. Akishachekwa hachezi siku hiyo, kwa sababu aliyechekwa anataka kuwakomoa waliomcheka, hataki kushinda. Na asipompata punda anayemridhisha, anakaa kwenye kivuli cha lori anatafuna muwa mpaka mbio zinakwisha.

"Umetoka nyumbani kuja kutafuna muwa?" nikamuuliza mwaka mmoja.

"Leo sijapoteza kitu. Ulizia wenzangu."

Kidogo kidogo uani kwetu kuku wakaongezeka. Kisha akaja mbuzi, mbuzi akazaa. Wenzake waliocheza kila mwaka kwa kelele, wengine walikuwa wanaazima jogoo wa kuwapandia mitetea.

Sasa nifike kwenye mtamba.

Ukame ulikuwa umetumalizia ng'ombe. Alibaki mtamba mmoja, mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji, na alikuwa na mimba. Wajukuu walikuwa wanamtazama yule kama watu wanaotazama chungu jikoni. Nyumba nayo ilikuwa ya nyasi, inavuja juu ya kitanda changu mimi, si juu ya kitanda cha mwingine. Jabiri, mwenye duka kule Bariadi, alikuwa ameleta mabati sokoni kwetu siku ile ya mbio, kwa sababu wakulima wana hela msimu ukifunguliwa. Alikuwa mtu wa utani, na kamari za Marcelo zilikuwa zinamkera, maana Jabiri alishapoteza kuku wengi kwake.

Wiki moja kabla, wamekutana mnadani, Jabiri akamwambia, "Mzee wangu, kuku nimechoka. Weka mtamba, mimi naweka mabati ya nyumba nzima. Chagua punda umtakaye. Akishinda, mabati yako."

Marcelo akamtaja punda jike wa Selestini, jirani yetu, kijivu, mbeba pamba. Wakakubaliana. Lakini kwetu neno la mdomo halijafunga kitu. Kinachofunga ni kamba ya mnyama kushikwa na mtu wa tatu mbele ya watu. Mshika kamba alikuwa mzee Maganga wa sungusungu. Akishaishika, hakuna wa kuirudisha.

Usiku nilikuwa naota mabati. Asubuhi nilimswaga mtamba mwenyewe mpaka sokoni.

Marcelo alikuwa ametangulia kumwona punda wa Selestini. Alipofika sokoni uso wake haukunipendeza. Mzee Maganga amenyoosha mkono, watu wamejaa, mabati yamepangwa yanang'aa. Marcelo akachukua kamba kutoka mkononi mwangu, akajifungia kiunoni mwake.

"Jabiri, bwana, mimi leo sichezi."

"Kwa nini, mzee?"

"Punda ana alama za madumu mgongoni. Nimemuuliza Selestini, anasema kisima cha nyumbani kimekauka, siku hizi anateka naye maji lamboni."

"Siku mbili tatu tu, mzee," Selestini akasema kutoka juu ya punda wake. "Hajazoea bado."

"Punda haraka ya kuzoea anayo. Kusahau ndiyo hana."

Watu wakaangua kicheko. Asumini, mke wa Jabiri, aliyekaa kwenye rundo la mabati, akaniambia, "Pole, mama Shija. Nyasi nazo zina ubaridi wake mzuri."

Mimi sikuzaliwa kuambiwa maneno kama yale. Nikamwendea mume wangu, nikamwambia sikioni, "Baba Shija, mpe mzee kamba."

"Hapana."

"Huoni wanavyotucheka?"

"Naona. Ndiyo maana sitoi."

Nikavuta kamba. Akavuta. Mtamba akatutazama wote wawili. Mbio zikaanza tukiwa bado tumeshikana hivyo, watu wakatuacha wakakimbilia barabarani.

Na nani alifika wa kwanza? Punda wa Selestini. Wengine wako nyuma kabisa, hata vumbi lao halionekani. Nilitazama mabati yakipakiwa kwenye gari, moja moja, na kila moja lilikuwa linalia.

Marcelo akamfuata Selestini moja kwa moja. "Kule lamboni amepitaje?"

"Mzee, usiniulize," Selestini akasema. Alikuwa ameshikilia plau yake, anahema. "Aliteremka. Miguu ya mbele ilishafika kwenye tope. Kuna mama alikuwa anafua, akakung'uta shuka, punda akashtuka, akarudi barabarani mbio. Mimi nilijua nimekwisha."

Marcelo alicheka. Sijamwona akicheka vile hata siku ya harusi yetu. Alishika bega la Selestini ili asianguke.

Tulirudi nyumbani, yeye mbele na mtamba, mimi nyuma. Nilimwambia, "Ameshinda."

"Shuka ndiyo imeshinda."

"Ungemweka mtamba tungekuwa tumebeba mabati."

"Leo. Na mwakani nimtafute yule mama afue tena?"

"Ameshinda, Baba Shija."

"Ameshinda, mayu," akakubali, akiniita mama kwa lugha ya kwetu, ili ninyamaze. Sikunyamaza. Tulibishana mpaka mlangoni, na miaka yote iliyofuata, kila mvua iliponyesha nilisogeza kitanda. Yeye alikuwa anakishika upande wa pili, tunasogeza, halafu anatoka kwenda kumkamua yule ng'ombe mwekundu.