Vidole Viwili Chini ya Kamba

Nakumbuka asubuhi za kijijini Mugeta, sisi tuliokulia huko kabla kila mtoto hajashika simu: moshi wa samadi kavu zizini, michembe ya viazi vitamu ikitokota jikoni, miguu imelowa umande hadi magotini. Wenzangu walicheza bila kujali nani kashindwa. Mimi nilijali. Hata shuleni nilifuta herufi na kuifuta tena mpaka karatasi inatoboka.

Kazi yangu nyumbani ilikuwa kumfunga ndama pembeni wakati Bibi anakamua. Akichomoka, anamaliza maziwa yote, na uji wa mtama tunaunywa mtupu. Kwa hofu hiyo, asubuhi moja nilikaza fundo, nikakaza tena. Ndama akatoa ulimi, akaanza kukoroma. Bibi akaacha kibuyu cha maziwa, akaja mbio kulilegeza.

"We mume wangu, ndo unamfungaga hivi? Unafunga au unanyonga?"

"Atachomoka, Bibi."

"Achomoke! Maziwa ya leo yakiisha, kesho yapo. Huyu akifa, nikukamue wewe?"

Kisha akapitisha vidole viwili kati ya kamba na shingo. "Vikipita, inatosha." Tangu siku hiyo hakukaa kukamua kabla ya kupima kamba yangu.

Sasa naishi Iringo, mjini Musoma. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi kuukuu. Vijana wa leo, bando likiisha tu, utasikia, "Nina anxiety," yaani wasiwasi. Niliwacheka sana, lakini nakiri, mwenye nayo ni mimi. Nina maandishi niliyoyamaliza zamani na siwezi kuyatuma yachapishwe. Kila nikitaka, nayasoma upya hadi pumzi inakatika. Ndipo nikatafuta asili ya neno hilo. Limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kubana, kukaba koo.

Nikafunga kamusi. Nilimwona ndama yule, ulimi nje.

Bibi tulishamzika, na zizi lake sasa ni shamba la pamba. Enzi zile nilikuwa mwoga vilevile, ila kulikuwa na mtu wa kupima kamba kabla siku haijaanza. Siku hizi nikibanwa, napitisha vidole viwili ndani ya kola ya shati. Vinapita. Lakini ni vyangu, si vyake, na mimi huwa sijiamini.