Muuguzi wa Usingizi Anayechukia Wagonjwa Wavumilivu

Saa moja asubuhi, Dinah Nasieku anaingia wodini katika hospitali moja ya Kajiado na kwenda moja kwa moja hadi kitanda cha Ledama, mchimba mawe wa Kitengela aliyeondolewa jana kipande cha pafu chenye saratani.

"Uko aje, Mzee?"

"Sidai," anajibu kwa Kimaasai. "Niko sawa, msichana yangu. Siskii uchungu."

"Sijakuuliza uchungu. Kohoa."

Ledama anajaribu. Inatoka pumzi tu, na mkono wake unakamata chuma cha kitanda.

Dinah ndiye aliyemlaza usingizi wa upasuaji. Kabla ya kisu alimwekea mgongoni mrija mwembamba wa kupitisha dawa ya ganzi hata baada ya kuamka. Sasa mrija umefungwa.

"Ni mimi niliwaambia wafunge," Ledama anakiri. "Watu wa rika yangu, wale tulitahiriwa pamoja, walikuja jioni. Singetaka wanipate na dawa ya uchungu."

Wodi ikakubali, tena kwa kumsifu. Hapo ndipo damu ya Dinah inapochemka.

Mtu mwenye maumivu ya kifua hupumua juujuu, anaeleza huku akifungua mrija. Hathubutu kukohoa, makohozi yanakaa, nimonia inaingia. "Daktari anaweza kupasua vizuri kabisa, halafu mtu akufe juu ya kunyamaza. Na sisi tunampigia makofi!"

Anayasema kwa uchungu wake mwenyewe. Babake alifanyiwa upasuaji kama huu kwingine, akasema hasikii kitu, akaaminiwa. Nimonia ikamchukua.

"Kaburini walisimama wakamsifu eti hakukunja uso. Hiyo sifa inanichoma mpaka leo."

Si kwamba hajui desturi. Kwao Umaasaini, kijana akipepesa jicho siku ya kutahiriwa, aibu humfuata hadi uzeeni. "Lakini kile kisu kinapita. Hiki cha hospitali uko nacho kila ukivuta pumzi."

Alasiri wale wa rika wanarudi. Dinah haondoki.

"Kohoa, Mzee. Mbele yao."

Ledama anajishika kifua. Kisha anakohoa, kikohozi kizito cha kutoka chini, na makohozi yanatoka. Hakuna anayecheka. Mmoja wao anachukua beseni na kumshikia kidevuni.

Dinah anapanga kuwafundisha wauguzi wa wodi hiyo waache kuuliza wagonjwa wa kifua kama wanaumwa. Wawaambie wakohoe, wajionee.

"Nataka niskie wodi yote ikikohoa," anasema. "Sifa wangoje nazo, wampe mgonjwa akifika nyumbani."